Mikono Mfukoni

Moshi wa ganda la korosho haufanani na moshi mwingine wowote. Moshi wa kuni unakuliza tu. Huu unaingia puani, unashuka kooni, unakaa kwenye nywele mpaka uzioshe mara mbili, na bado kesho yake mtu akikukumbatia atajua ulikuwa wapi. Mwezi uliopita nilikuwa natoka mjini Mtwara kwenda Mtawanya kumwona mama, nikaunusa moshi huo kabla sijamwona anayeuwasha. Nikamwambia kijana wa bajaji anishushe hapo hapo. Alishangaa, maana tulikuwa bado hatujafika.

Alikuwa mama mmoja amekaa pembeni ya barabara, mbele yake mafiga matatu na bati lililotobolewa matundu, anakoroga korosho kwa fimbo ndefu huku uso ameugeuzia upande wa pili. Nilimsalimu, nikampa mkono. Alijifuta kwenye kanga, akautazama mkono wake, akaona bado haufai, basi akaukunja na kunipa kifundo nishike hapo, kama wanavyofanya watu wetu mikono yao ikiwa michafu. Nilikishika kile kifundo, nikashindwa kukiachia. Nitarudi kwa mama huyu, msomaji wangu. Kwanza inabidi nikueleze habari za baba.

Baba yangu alibangua korosho. Kama wewe si mtu wa huku hutaona ajabu, lakini mtaani kwetu kubangua ilikuwa kazi ya akina mama. Wanaume walibeba magunia bandarini, na baba naye aliyabeba meli zilipokuja. Aliteremka kutoka Newala akiwa kijana mwenye mabega mapana, na mpaka anazeeka ulimi wake haukuikubali ile "r" ya Kiswahili. Kwake ilikuwa kolosho, na aliyecheka alicheka. Alitoka nyumbani kabla ya jua, akarudi alasiri mgongo umejaa vumbi la magunia. Mwingine angeoga akalala. Yeye alikunywa kikombe chake cha uji amesimama, akavua shati, akaenda nyuma ya nyumba kuwasha moto.

Kazi ile mwanzoni ilikuwa ya mama. Nilipokuwa na miaka saba alizaliwa mdogo wangu Benedikti, na baba akatangaza kwamba mkono unaoshika mtoto mchanga hautashika kolosho nyumbani mwake. Alikuwa na sababu. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta meusi yanayobabua ngozi, yakikugusa leo, kesho unachunika. "Nitakupokea mpaka mtoto atembee," alimwambia mama. Benedikti akatembea. Akakimbia. Akaanza shule, akafukuzwa mara mbili kwa utundu, akarudishwa, na baba bado yuko nyuma ya nyumba na bati lake.

Majirani hawakumwacha salama. Akina mama wakipita walipaza sauti, "Mama mdogo, umeshindaje? Kikao chetu cha Jumamosi usikose!" Naye aliwajibu bila kuinua uso, "Nitakuja, ila umbea punguzeni, nina kazi nyingi." Wanaume wenzake wa bandarini walimtania zaidi, na kwa maneno ambayo sisi watoto tuliambiwa tuzibe masikio. Baba alicheka nao, akaendelea kukoroga.

Alikuwa na methali moja aliyoipenda kuliko zote, mchumia juani hulia kivulini. Alitusomea kila tulipovivia jambo. Siku moja mama akamjibu kutoka ndani, "Na mchumia moshini je?"

"Huyo hulia tu," baba akasema, akijifuta machozi kwa mkono wa juu, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Nilipenda kuitazama kazi ile kwa mbali. Korosho zikishika joto zilianza kutema mafuta, mafuta yakashika moto, na bati zima likawaka. Hapo baba aliruka nyuma, akalisukuma bati kwa fimbo, korosho zikamwagika chini, akazifukia kwa mchanga upesi. Zikipoa alijipaka majivu viganjani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzipasua moja moja kwa kipande cha chuma. Sisi tulikaa na mama ukutani tukimenya ile ngozi nyembamba ya ndani na kutenga nzima na vipande. Nzima mama alikwenda kuuza stendi. Vipande vilikuwa vyetu, na nakiri kwamba si vyote vilivyovunjika vyenyewe.

Majivu yalisaidia kidogo tu. Vidole vya baba vilikuwa vyeusi, kucha zina rangi ya chai ya rangi, na viganja vinachunika tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo hakutugusa kwa viganja. Tukimwamkia alitupa kifundo cha mkono. Akitaka kunipongeza alinisugua kichwa kwa kiwiko, jambo lililoumiza kidogo na ambalo nililipenda sana. Nilizoea hata nikadhani baba wote hushikwa kifundoni.

Nilikuja kuzinduliwa na Neema. Tulisoma naye darasa la saba, na baba yake alikuwa karani wa ofisi moja mjini, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Alikuja kwetu kuazima daftari. Baba akatoka nyuma ya nyumba kumkaribisha kwa furaha, akampa kifundo. Neema akaweka mikono yake mgongoni.

Nilipomsindikiza aliniuliza, "Baba yako anaumwa nini mikononi? Inaambukiza?"

"Sijui," nikasema.

Nilijua vizuri kabisa. Nilijua mafuta, nilijua majivu, ningeweza kumfundisha kazi yote mwanzo mpaka mwisho. Lakini niliona haya, na haya ikishamwingia mtoto wa miaka kumi na tatu hasikii la mwadhini wala la mnadi swala.

Wakati huo zilibaki siku chache tu tufanye mahafali. Nilikuwa nimeshika nafasi ya kwanza, na desturi ya shule yetu ilikuwa mwanafunzi wa kwanza aende mbele pamoja na mzazi wake, mgeni rasmi awape mkono wote wawili mbele ya watu. Mama alikuwa ameshaamua kwamba aende baba. Nililala na wazo hilo siku mbili, la tatu nikamfuata nyuma ya nyumba.

"Baba, siku ya mahafali ufiche mikono."

Alikuwa anakoroga. Hakuacha kukoroga. "Niifiche wapi, mama?" Aliniita mama kwa sababu jina langu, Skola, lilikuwa la mama yake mzazi.

"Mfukoni."

"Haya," akasema.

Sikuona chochote usoni mwake, na moshi ulikuwa mwingi. Nilirudi ndani nimefarijika, nikasahau jambo lile kama mtu aliyetua mzigo. Jioni nilimwona mama na sindano, anairefusha mifuko ya suruali ya baba ya kijivu kwa kipande cha kanga kuukuu. Suruali ile ilikuwa ya mtumba na mifuko yake ilikuwa mifupi. Sikuuliza, na nilidhani mama naye hakuuliza.

Siku yenyewe ikafika. Walisimamisha turubai uwanjani, wakapanga viti, redio ikapigwa mpaka ikakwaruza. Jina langu lilipotajwa, baba akainuka kutoka safu ya nyuma. Alikuwa amenyoa, shati limenyooka, mwendo wake ule wa kuyumba kidogo wa watu waliobeba mizigo, na mikono yote miwili ndani ya mifuko, imezama mpaka kwenye vifundo. Tukatembea pamoja mpaka mbele. Mgeni rasmi akanipa mkono, akanikabidhi mkebe wa hesabu, kisha akamnyooshea baba mkono wake.

Baba akainamisha kichwa. Mkono hakutoa.

Mgeni rasmi akabaki ameunyoosha wake hewani. Mwalimu mkuu akasogea, akasema kwa sauti ambayo ilifika mpaka safu ya mwisho, "Mzee, huyu ni mgeni rasmi. Hebu toa mikono mfukoni."

Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema mzee ana maringo, mwingine akasema huyo ameficha korosho humo. Baba akanitazama, mara moja tu. Nilikuwa na nafasi. Ningemgusa tu kiwiko, angeelewa. Niliangalia viatu vyangu, na nakumbuka kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka.

"Nisamehe, mwalimu," baba akasema. "Mazoea mabaya."

Akainama tena, chini zaidi, akageuka, akarudi kwenye kiti chake na mikono yake mfukoni. Kwa mtu wa heshima zake, aliyemwamkia hata mtoto wa jirani kwa kuinama, lile lilikuwa jambo zito, na mtaa haukulisahau. Kuanzia siku ile walimwita Bwana Mifuko. Aliitika. Nyumbani hakulitaja kamwe, wala siku ile ile, ambapo alinisugua kichwa kwa kiwiko na kusema sasa nyumba ina msomi.

Mimi niliondoka, nikaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, kisha kazi Dodoma. Benedikti alipopata ajira, baba akaliweka bati juu ya paa la banda na kuacha kubangua. Mafuta ya korosho hayakai milele. Ngozi ikajirudisha, na baada ya mwaka mmoja mikono ya baba ilikuwa kama ya mzee yeyote. Lakini kila nilipokuja likizo na rafiki, baba alitulaki mlangoni mikono mfukoni. Nilipomleta mchumba wangu, mikono mfukoni. Kwenye picha za harusi yangu amesimama kati ya wakwe, suti imemkaa vizuri, na hakuna picha hata moja ambayo mikono yake inaonekana. Wakwe zangu waliniuliza kwa adabu kama mzee ana tatizo. "Ndivyo alivyo," niliwajibu nikicheka. "Ni mazoea yake." Nami niliamini hivyo. Lile neno alilolisema kunificha mimi nililichukua nikalifanya kweli.

Baba alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini nilikaa na mama sebuleni tukifunua albamu, na tulipofika kwenye harusi nikasema, kwa upendo tu, "Baba na mifuko yake!"

Mama akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Mifuko yake kivipi?"

"Si yale mazoea yake."

"Baba yako hakuwa na mazoea hayo," mama akasema. "Hapa alishika watu mikono kutwa. Kanisani alishika, msibani alishika, wajukuu aliwabeba mpaka wakachoka wao. Alikuwa anaificha ukija wewe na wageni wako."

Nikamwambia mbona mikono ilikuwa imeshapona zamani.

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia, Baba Skola, itoe, imekuwa mizuri sasa. Akasema, mtoto aliniambia niifiche, hajaniambia niitoe."

Mama hakusema kwa ubaya. Alifunua ukurasa mwingine, akaanza kuniuliza yule shangazi mwenye kilemba ni nani. Miaka yote ile nilikuwa nakuja na zawadi, mashati, dawa ya mgongo, redio mpya, na mtu yule alikuwa anasubiri mlangoni neno moja tu kutoka kwangu, nami nilikuwa na mdomo. Haya ilikuwa imenitoka zamani sana. Nilijivunia baba yangu mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya mume wangu, mbele ya kila mtu. Yeye tu ndiye sikumwambia.

Sasa unajua kwa nini nilisimama pale barabarani nimeshika kifundo cha mama nisiyemfahamu, moshi unaniingia machoni. Nilikiachia, kisha nikateremsha mkono wangu nikakamata kiganja chake. Kilikuwa na majivu, na chini ya majivu kinanata, na ngozi yake inachunika kama ninavyoikumbuka.

Akashtuka, akataka kuuvuta mkono wake. "Utachafuka, dada'angu! Yatakubabua hayo!"

Nikamwomba aniache nikishike kidogo.