Mayai ya Kahawia kwenye Mitego ya Noeline

Noeline Craddock hakuwa mtu wa kumwamini mtu. Buchani alisimama karibu na mizani kuliko muuzaji mwenyewe. Ukimsifia bustani, alijiuliza unataka kuomba nini. Kiumbe aliyemwamini bila shaka alikuwa mmoja tu, mbwa wake Tosh.

Kila wiki alipita kandokando ya kijito cha Pukemata akikagua mitego yake, masanduku ya mbao yenye yai ndani la kumvutia kicheche. Halipwi mtu kwa kazi hiyo. Unaifanya kwa sababu jioni unawasikia kiwi wakiitana msituni, nawe unajua ndege hao hawaruki, na kifaranga chao hakina ujanja mbele ya kicheche. Mwaka huo palikuwa na kifaranga kimoja, chini ya mizizi ya mti ulioanguka. Noeline alikipenda kama mjukuu.

Ndipo alipoanza kukuta mambo yasiyoeleweka. Sanduku limesogea. Ndani kuna yai la kahawia, wakati kuku wake wote hutaga meupe. Na kwenye tope, alama ya buti la mpira lenye ufa kisiginoni. Buti hilo alilijua. Lilikuwa la Wetini Rapana, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwindaji wa nguruwe mwitu.

Kule watu hawagusi mtego wa mwenzao, kama wasivyofungua geti lake na kuliacha wazi. Isitoshe, Wetini alikuwa na sababu. Tangu kiwi warudi, mbwa wake wa kuwindia walikatazwa kuingia msituni. Kiwi wakiisha, msitu ni wake. Noeline alikata shauri: mayai yale ni mabovu, yamewekwa ili kicheche asiingie mtegoni. Mtu akishashuku, hata wema huusoma kinyumenyume.

Jumamosi, watega mitego walipokutana ukumbini kwa chai, alilitoa lake mbele ya wote.

"Kuna mtu hapa anachezea mitego yangu. Simtaji. Ajitazame kisigino."

Watu wote wakatazama chini. Wetini alitazama buti lake, kisha akamsogezea kikombe.

"Kunywa, shangazi. Chai inapoa."

"Hiyo umeitia nini?"

"Maziwa," alisema Wetini. Wengine wakacheka, naye Noeline akazidi kuwaka.

Siku iliyofuata aliyapaka mayai yake rangi ya bluu, ile ya keki, ambayo haitoki vidoleni upesi. Akayaweka mitegoni mchana, akarudi kwake akijisemea kwamba za mwizi arobaini.

Asubuhi alimfungua Tosh akajisaidie, kama kawaida, akaweka maji ya chai jikoni. Maji yalipochemka, mbwa alirudi mlangoni akitikisa mkia. Pua ilikuwa ya bluu. Ulimi nao wa bluu.

Noeline alikaa chini pale pale kizingitini. Tosh alikuwa na cheti cha mbwa anayeruhusiwa penye kiwi. Alifundishwa kuogopa harufu ya kiwi, akafaulu mara ya kwanza. Lakini yai hakuna aliyemfundisha kuliogopa.

Alimfunga kamba, akavuka kijito. Ndani ya geti Wetini alikuwa akiwalisha kuku wake, kuku wekundu wanene. Alimtazama mbwa, asionyeshe mshangao.

"Ulijua," alisema Noeline.

"Nilimwona nikienda kwa ng'ombe wangu. Huwa analipindua sanduku kwa pua, mtego unafyatuka, yai linabingirika nje, analila. Nikawa nautega upya. Yai natoa kwangu."

"Na kifaranga?"

"Jana nimeona nyayo zake. Mzima."

Noeline alishusha pumzi. Kisha hasira ikampanda, maana aibu humjia kwa mlango huo.

"Kwa nini hukuniambia? Umeniacha nikakuaibisha mbele za watu!"

"Mbwa anayezurura penye kiwi walinzi wa msitu wanamchukua, shangazi. Ukumbini ningesemaje? Na kule kwako, ningekwambia ni Tosh, ungeniamini?"

Kuku walidonoa kuzunguka miguu ya Wetini. Noeline alikitazama kisigino kile chenye ufa, alichokifuata wiki nzima kama askari.

"Nisingekuamini," alisema. "Ningesema umempaka wewe."

Wetini aliitikia kwa kichwa, akamfungulia geti aingie.

"Jumamosi uje ukumbini," alisema Noeline, bado amesimama nje. "Nilikusema mbele yao. Nitajisema mbele yao."

"Watamchukua Tosh."

"Najua," alisema, akaizungusha kamba mkononi mara moja zaidi.