Mtaa Nisiouchora Kwenye Ramani

Mwenzangu wa jikoni, katika shule moja ya mtaa wa Shard End huku Birmingham, alipotangaza kwamba yeye na mumewe wanakwenda Zanzibar likizo, wote walinigeukia mimi. Nilizaliwa Mji Mkongwe. Nani mwingine angemwelekeza? Nikavuta kiti, nikajifanya bingwa. Nikamchorea ramani: Forodhani jioni akale urojo, Darajani asubuhi kabla jua halijawa kali, halafu milango ya nakshi ya Shangani na Ngome Kongwe. Kusema kweli, Ngome yenyewe nilikuwa nimeingia mara moja tu, tena kwa sababu ya taarabu.

Kiponda sikuichora. Kiponda ndiko anakokaa mama yangu, katika nyumba ambayo roshani yake imeegemezwa magogo na ukuta wake umebanduka mpaka mawe yanaonekana. Pale kazini nilikuwa nimejisifu kwamba kwetu ni nyumba ya ghorofa. Si uongo, ila niliishia hapo.

Sasa, sisi tukisikia tu mtu anakwenda nyumbani, tunamjia na mizigo mpaka begi lake lisifunge: sabuni, maziwa ya unga, viatu vya mtoto wa shangazi. Hata mtu nisiyemjua vizuri nimewahi kumsumbua. Safari hii sikutuma chochote. Ukimpa mtu mzigo, umempa na anwani.

Mwenzangu alirudi kababuka na jua, mkononi ana mfuko. Siku ya kwanza tu alikuwa amepotea, kama vichochoro vyetu vinavyompoteza kila mgeni. Mama mmoja wa makamo aliyekaa barazani akamkaribisha, akampa kahawa na halua. Aliposikia neno Birmingham akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na picha yangu niliyopiga kwenye theluji.

"Mbona hukuniambia mama yako yuko pale pale?" aliniuliza mbele ya wenzetu wote, bila ubaya wowote.

Nikasema nilisahau. Mtu anamsahau mama yake! Uso uliniwaka kwa aibu, nikaenda kusugua sufuria iliyokwisha kuoshwa. Ule mfuko ulikuwa wangu: halua, karafuu na kanga mpya.

Jioni nilinunua kadi ya simu nikampigia, tayari kugombezwa. Nilitaka anigombeze. Aniulize vipi mgeni wangu atembezwe mji mzima asipewe hata salamu za kumletea yeye, hata kipande cha sabuni. Hakuuliza. Alinijulia hali, akauliza kama baridi imepungua, kisha akateremsha sauti.

"N'samehe, mwanangu," alisema. "Mgeni wako kanikuta nyumba haijapakwa hata chokaa. Nataraji hawajakudharau huko kazini."