Mtamba wa Baba na Tezi za Juu ya Figo

Chuoni niliijibu vizuri mno ile sura ya tezi za juu ya figo. Mnyama akiogopa, akikaa na kiu, akipigwapigwa, vimeng'enya vya mle ndani vinafanya kazi kupita kiasi, vinatengeneza homoni ya hofu, inamwagika kwenye damu. Ikizidi kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa, mwili unadhani siku zimefika, unamtoa ndama. Nililijua hilo.

Nikapangiwa Litapunga, ofisa mifugo wa kata. Baba alikuwa akiishi hukohuko, mbali na josho. Ng'ombe aliohamia nao kutoka kaskazini walikwisha kwa ukame na maradhi, akabaki na maksai wawili wa kulimia na mtamba mmoja, mimba miezi minane. "Huyu ndiye atanirudishia boma," alikuwa akisema.

Nikatangaza siku ya chanjo pale joshoni. Wafugaji wakanibeza: kama dawa ni nzuri, mbona baba yake haleti? Nikapandwa na hasira, nikampigia simu. "Baba, lete wote, uwe wa kwanza. Usiniaibishe."

"Mayu, mama yangu, huyu ni mzito. Na jua lenyewe hili la mwezi wa kumi!"

Nikamwambia aache visingizio. Mjinga mimi, na cheti changu ukutani!

Aliwaswaga tangu alfajiri. Gari la chanjo likaharibika njiani, nami nikakataza mtu kuondoka, hata kwenda kunywesha, nikihofia hawatarudi. Mpaka saa saba mtamba alikuwa amebanwa na madume ya watu, anahema, ulimi nje. Akachapwa fimbo mpaka akaingia kwenye uchochoro wa mbao. Nikamchoma sindano. Watu wakanipigia makofi.

Siku ya tatu akatupa mimba. Kondo likagoma kutoka, likaozea ndani, akafa. Kata nzima ikasema ni chanjo, nami, ole wangu, nikakimbilia kwa baba kuitetea chanjo. Nikamweleza yote: tezi, hofu, kiu, fimbo, damu. Siyo dawa, baba, ni mateso ya siku ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua, mayu?"

Nikasema nilijua.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza, bora angenifukuza kabisa. Aliniuliza tu kama nimekula.