Usimeze na Chai

Miaka ile nilichoka kwa namna ambayo hata kuieleza kulinichosha. Sisemi uchovu wa mtu aliyelima, akalala, akaamka mzima. Mimi nilikuwa naamka nimechoka. Nachemsha uji nimechoka, napanda kilima cha shuleni moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa, naandika ubaoni na katikati ya sentensi mkono unashuka wenyewe. Na kila niliyemwambia, kabla sijamaliza, alikuwa na vidonge vya kunishauri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Vitu vilivyokuwa vimeadimika vikarudi, na vingine ambavyo hatukuwa tumewahi kuviona vikaja navyo. Pale Tukuyu mjini, duka lililokuwa likiuza betri na tambi za taa lilipakwa rangi nyeupe likawa duka la dawa, na mwenye duka, yuleyule wa betri, akavaa koti jeupe. Kwenye rafu zake vitamini zilipangwa mbele kabisa, chupa za kila rangi, moja ina picha ya mwanamume aliyetunisha misuli, nyingine ina machungwa. Dawa za malaria zilikaa nyuma.

Mume wangu alikuwa karani wa shirika la umma huko Mbeya. Shirika likapunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi nyumbani kwetu Msasani, hii ya Tukuyu, si ile ya Dar, na kiinua mgongo chake, akanunua ng'ombe wa kisasa, wale wa kufungiwa bandani na kuletewa kila kitu mdomoni. Ng'ombe alikuwa wake, majani yalikuwa yangu. Kwa desturi yetu kukamua ni kazi ya kiume, kwa hiyo yeye alikamua asubuhi na jioni, amevaa koti la mvua, anapiga mluzi, na majirani wakipita wanasema bwana huyu anajituma kweli. Kukata majani kule bondeni, kuyabeba kichwani yakiwa yamelowa mvua, kuchota maji, kuzoa samadi, kuosha ndoo, hizo hazikuhesabiwa kuwa kazi. Zilikuwa mambo ya nyumbani tu. Nilizifanya kabla ya kwenda kufundisha na nikitoka kufundisha, halafu ndipo nikapike.

Siku moja mkaguzi alikuja shuleni akanikuta nimelala. Sikusinzia, nililala hasa, kichwa juu ya madaftari, na darasa la saba zima limekaa kimya kabisa kwa kunihurumia. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mwalimu, sitaki kukuandikia barua," alisema. "Lakini watu wameanza kusema wewe ni mvivu. Nami nikiulizwa, nitajibu nini?"

Neno hilo liliniingia. Kwetu Unyakyusa mwanamke anaweza kuitwa mkali, mchoyo, hata mchawi, na bado akaolewa na akazikwa kwa heshima. Akiitwa mvivu, amekwisha. Wanasimama wifi zake, wanasimama majirani, kila mtu ana mfano wa kutoa. Mimi, binti wa kijiji cha Masoko, niliyebeba mikungu ya ndizi tangu sijaota meno ya ukubwani, nilitaka kitu kimoja tu: mtu wa nyumba ile aseme kwa kinywa chake kwamba mimi si mvivu.

Nilimweleza mume wangu. Alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Akanishika bega, akasema, "Mama watoto, usiwe na wasiwasi. Hili nitalishughulikia." Akavaa viatu akaenda mjini. Nikadhani amekwenda kutafuta kibarua wa kukata majani. Akarudi na chupa yenye mwanamume wa misuli.

Nilimeza. Nilimeza vile vya misuli, nikameza vya machungwa, nikanywa na dawa ya maji yenye harufu ya pipi, kijiko kikubwa kabla ya chakula. Mkojo wangu ukawa wa njano kali kama rangi ya mafuta. Nilipomwambia mume wangu, alifurahi. "Unaona? Inafanya kazi!" Nikamuuliza inafanya kazi gani, maana mimi ndiye niliyekuwa bado nabeba majani. Akasema vitamini haina haraka, inajenga mwili taratibu. Alikuwa amekisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi mpaka mwisho. Muda wa kusoma alikuwa nao.

Mama mkwe wangu alikaa nyumba ya pili, ng'ambo ya migomba. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na Kiswahili chake kilikaa ndani ya Kinyakyusa. Alizikuta zile chupa zimepangwa dirishani, akaziangalia moja moja.

"Sisi tulisaa watoto, tukalima, tukabeba ndisi mpaka Kiwila kwa miguu," alisema. "Mbona hatukumesa fidonge?"

"Zamani watu walikuwa na nguvu, mama," nilimjibu, kwa adabu, huku nimeshikilia mlango nisianguke.

"Mma. Si nguvu. Hatukuwa na nafasi ya kuchoka."

Akaondoka, akaniacha na hilo. Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe wakati wa kuosha vyombo. Na shuleni hawakunipa nafuu. Mwalimu mmoja aliniambia ninywe maji ya majani ya maparachichi. Mwingine akasema ni matatizo ya moyo, kwa maana ya kwamba nina mawazo, akanitazama kwa jicho la kutaka umbea. Wa tatu, kijana aliyetoka chuo juzi, alisema huko Dar watu wanatumia vitamini za Ulaya na si hizi. Hakuna hata mmoja aliyesema: leta hayo madaftari nikusaidie kusahihisha.

Mwishowe nilikwenda hospitali peke yangu. Nesi wa maabara alinichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye karatasi, akalisogeza dirishani kulilinganisha na rangi za kwenye kadi yake. Akaguna. Akafunua kope zangu, akatazama viganja. "Dada, unatembeaje?" aliniuliza. "Huna damu."

Sijui kama mtu mwingine amewahi kufurahi kwa kuambiwa hana damu. Mimi nilifurahi. Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa na ugonjwa! Nesi akanipa vidonge vyekundu vya kuongeza damu kwenye mfuko wa karatasi, akasema hizo vitamini za dukani niziache zikae, shida yangu ni madini ya chuma. Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Na usimeze na chai!"

"Sawa, sista," nilisema.

Nilimweleza mume wangu na mama yake, tena kwa sauti. Sina damu. Si mimi niliyesema, ni hospitali. Mume wangu alisikitika sana, akaniongezea maziwa kwenye kikombe. Mama mkwe akachukua jembe lake akaenda shambani. Nami nikaanza kumeza vile vidonge kwa bidii ya mtu anayejiandaa na mtihani, na agizo la nesi nililifuata sawasawa. Asubuhi, saa ya chai, sikuvigusa kabisa. Nilikunywa uji wangu, nikaenda kazini. Nilivimeza mchana baada ya kula, na jioni baada ya kula.

Kinyesi kikawa cheusi, tumbo likafunga, mdomo ukawa na ladha ya msumari. Uchovu ukabaki palepale. Miezi ikapita. Mvua za masika zikaja na majani yakawa mazito maradufu. Nikarudi hospitali. Nesi akanichoma tena, akatazama kadi yake, safari hii akakasirika.

"Vidonge unavitupa," alisema. "Nyie wamama ni walewale. Mnachukua, mnakwenda kutupa chooni kwa sababu vinanuka."

Nilihisi machozi ya hasira. "Sista, nameza! Nameza kila siku! Nimefunga choo kwa ajili yako!"

"Unameza saa ngapi?"

"Mchana na jioni. Uliniambia nisimeze na chai, basi saa ya chai sivigusi."

"Haya. Mchana unameza na nini?"

Nilimshangaa. Kwa baridi ile, mvua ile, na mashamba ya chai yamezunguka wilaya nzima, mtu wa Tukuyu atameza kidonge na nini? "Na chai," nikasema.

Nesi akaweka kalamu chini. "Nilikuambia nini?"

"Usimeze na chai. Ndiyo simezi na chai. Nameza na chakula cha mchana. Halafu nashushia na chai."

Tulitazamana. Nikaona uso wake unabadilika polepole, na wangu nao nadhani ulikuwa unabadilika, maana lilikuwa linaniingia kidogo kidogo. Tangu utotoni mtu akikuuliza umekunywa chai, anakuuliza kama umekula asubuhi. Unaweza kunywa chai kwa uji, kwa viazi, kwa maziwa mgando, na majani ya chai yenyewe yasiwepo. Nesi alisema chai, kinywaji. Mimi nikasikia chai, mlo. Kikombe kikubwa cha chai nzito ya rangi, mchana na jioni, kilikuwa kinakizuia kila kidonge kisiingie mwilini, na mimi nakipuliza kipoe.

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Niliikasirikia chai, nikakikasirikia Kiswahili, nikamkasirikia na yeye, kwa nini asiseme maji, neno lenye maana moja? Akafuta macho, akaniambia basi, meza na maji, maji matupu, au kamulia limau, na chai ngoja mpaka chakula kishuke. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi walisikia. Mama mmoja alimgeukia mwenzake akasema kwa sauti, "Kumbe!" Nadhani hakuwa peke yake.

Basi nikameza na maji. Maji ya Tukuyu yanauma meno, lakini nikameza. Na kweli, kidogo kidogo kilima cha shuleni kikafupika. Viganja vikapata rangi. Niliporudi mara ya tatu, nesi alilinganisha tone langu na kadi, akaniita nitazame mwenyewe dirishani. "Damu imejaa," alisema. "Umepona, mwalimu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alikuwa barazani na redio yake. Nilipomwambia, aliruka akanipa mkono kana kwamba nimefaulu mtihani. "Sasa utakuwa mwepesi," alisema. "Afadhali. Maana nimepata ng'ombe wa pili, wa mkopo wa kikundi. Anakuja mwezi ujao."

Nilisimama nikamtazama. Nilikuwa nimekata majani kabla ya kwenda hospitali, na ndoo ya maji ilikuwa inanisubiri pale mlangoni, tupu. Nilitafuta ndani ya mwili wangu ule ugonjwa niliokuwa naweza kumwonyesha, na haukuwepo tena. Damu imejaa. Hospitali imesema. Nami nilikuwa bado nimechoka, uchovu mwingine kabisa, usio na kidonge, na sasa sikuwa na shahidi hata mmoja. Hapo ndipo nilipolia, na yeye akadhani nalia kwa furaha.

Niliingia chumba cha watoto, maana wenyewe walikuwa bado hawajarudi kutoka shule, nikavua viatu, nikalala kwenye kitanda kimojawapo, saa saba mchana, jua dogo tu limetoka. Kwetu hakuna mwanamke anayelala mchana kama haumwi au hajajifungua. Nililala hivyohivyo. Ng'ombe akaanza kulia. Mume wangu akaja mlangoni, akauliza kama nimeumwa ghafla, akauliza vitamini nyingine zimebaki wapi, akauliza aniletee chai. Nikamwambia siumwi. Akazidi kuchanganyikiwa, akaenda kumwita mama yake.

Mama mkwe aliingia bila kubisha hodi, miguu ina matope ya shambani, jembe ameliacha mlangoni. Nilimsubiri aseme lile neno. Nilikuwa tayari kulisikia, na nilikuwa tayari kuondoka nikilisikia.

"Unaumwa nini?" aliuliza.

"Siumwi, mama. Damu imejaa. Nimechoka tu."

Alinitazama, nami sikuondoa macho yangu. Nje ng'ombe alilia tena, na mume wangu akapaza sauti kutoka barazani kwamba majani ya jioni hayapo. Mama yake alifungua khanga yake ya kiunoni, akaikung'uta, akaitandika juu ya kitanda cha pili ili asichafue shuka la wajukuu. Halafu akalala. Alilala kwa shida, kipande kwa kipande, kama mtu asiyejua mwili huwekwaje juu ya kitanda mchana, na magoti yake yakalia. Akatoa pumzi ndefu sana.

Mume wangu alitokea mlangoni akasimama, akatutazama, huyu na huyu.

"Mama! Na wewe tena? Unaumwa?"

"Mma," mama yake alisema, macho ameyafumba. "Siumwi. Tangu niolewe na baba yako nimechoka. Mundu uko nyuma ya nyumba, majani yako kule bondeni."