Ng'ombe Themanini wa Bartolomayo

DODOMA. Saa mbili asubuhi, gari la moshi la mizigo linarudi nyuma polepole katika stesheni ya Dodoma, na katikati ya mabehewa mawili amesimama mtu. Ameinama, mnyororo mkononi, masikio yamesimama. Vyuma vinagongana. Anautupia mnyororo kwenye kulabu, anaukaza, kisha anachomoka upande wa pili akiwa mzima, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Huyo ni Bartolomayo Methusela, Mgogo wa hapa hapa, mwenye umri wa miaka thelathini kwa kukisia kwake mwenyewe. Amekuwa akifunga mabehewa tangu reli ilipofika Dodoma. Ni kazi ambayo mtu akiikosea mara moja, hana haja ya kufundishwa tena.

Siku hizi, kila akimaliza behewa moja, anageuza shingo kutazama chumba cha simu. Anasubiri majibu ya mtihani kutoka Dar es Salaam. Wiki ya sita sasa inakatika.

Subira yavuta heri, husema wahenga. Wahenga hao, nadhani, hawakuwahi kufanya mtihani wa kuhesabu vifo.

Maana mtihani wenyewe ndio huo. Wafanyakazi wa reli wanaanzisha mfuko wa wajane: kila mtu atakatwa kidogo katika mshahara wake, na akifa kazini mkewe atalipwa. Anatakiwa karani wa kukadiria, katika kila watu mia, wangapi huenda wakafa mwakani, ili fedha zisipungue wala wenzake wasikamuliwe bure. Atakayefaulu ataacha kazi ya mikono na kukaa ofisini.

Walioingia ghalani kuufanya walikuwa watano. Mmoja alisoma swali la kwanza, akasimama, akaaga kwamba ana mgonjwa nyumbani. Mgonjwa huyo hajulikani ni nani hadi leo.

Bartolomayo alibaki hadi mwisho. Kusoma alijifunza misheni, lakini hesabu za namna hii hakufundishwa na mtu hivi hivi. Aliomba kuelekezwa na huyu na yule, akajifunza kugawanya mafungu, na mchana stesheni ikisinzia kwa jua aliandika kwa chaki ubavuni mwa mabehewa. Mara nyingi gari liliondoka kabla hajapata jibu.

"Hesabu zangu zimefika Tabora, mimi mwenyewe sijafika," anasema akicheka. Msimamizi wa stesheni alimkaripia kwa kuchafua mali ya watu. Kesho yake akahamia kwenye behewa la upande wa pili, ambako msimamizi hapiti.

Nyumbani hakupata wa kumtia moyo. Mama yake, Bibi Dorkasi, aliposikia kazi yenyewe aliacha kupepeta uwele. Kwao mtu hawahesabu hata watoto wake hadharani, seuze kuwahesabu wafu ambao bado wanatembea. "Mwanangu, hao unaowahesabia kufa wamekukosea nini?" alimuuliza. Kwake huo ni uchuro mtupu, na mpaka leo hajabadili neno.

Bartolomayo hakubishana na mamaye. Alimkumbusha tu habari za Nikodemo.

Nikodemo alikuwa kaka yake, naye alifunga mabehewa wakati reli ikijengwa. Siku moja alikanyaga jiwe likateleza, na mabehewa hayakumngoja. Mjane wake, Loisi, aliletewa blanketi la marehemu na pole nyingi. Leo analima karanga kwenye ardhi isiyomtosha, na watoto wake wanachunga mifugo ya watu.

"Shemeji yangu mfuko huu hautamsaidia, ameshachelewa," Bartolomayo anasema, na hapa kicheko chake kinakwisha. "Lakini mimi nasimama pale pale aliposimama kaka. Mke wangu anajua. Kila siku akisikia gari linapiga honi anaacha anachofanya."

Basi ukitaka kujua kwa nini mtu mzima anaandika chaki kwenye mabehewa, sababu ni hiyo.

Tatizo ni swali la mwisho. Liliuliza hivi: mtu ana ng'ombe tisini, ugonjwa umeingia kijijini kwake, na kila ng'ombe watatu anakufa mmoja. Watabaki wangapi?

Mrisho Amiri, kijana wa mjini, mpima mizigo wa ghalani, aliandika sitini akaenda zake kunywa kahawa. Bartolomayo alilitazama swali hilo akaona halijakamilika. Mgogo gani mwenye ng'ombe tisini huwalaza wote katika boma moja? Mwenye akili huwagawa kwa marafiki na ndugu wa mbali wamlishie, wao wakinywa maziwa, ili tauni ikipiga huku, kule wapone. Kwa hiyo akawagawa. Thelathini aliwabakiza nyumbani, thelathini akawapeleka Zuzu, kumi na tano Hombolo, na kumi na tano akawavusha hadi Busi. Ugonjwa ukaingia kijijini kwake ukaua kumi tu. Akaandika themanini, akafurahi moyoni kwamba amewaokoa wengi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mlangoni, alipomuuliza Mrisho amepata ngapi. Mrisho alimjibu sitini. "Mle ndani niliwaona ng'ombe," anaeleza. "Wenye mtihani walikuwa wanataka hesabu."

Nilikuwa stesheni siku majibu yalipokuja. Karani wa simu alitoka mlangoni akawaita Bartolomayo na Mrisho, akasoma bila kupamba: Mrisho Amiri amefaulu. Bartolomayo Methusela amekosa kwa swali moja, na anaruhusiwa kurudia mwakani, stesheni ya Tabora itakapotaka karani wake.

Bartolomayo aliketi juu ya reli. Mikono yake mikubwa ilining'inia magotini, na sikuona haya kumwonea uchungu. Mrisho alibaki amesimama, hajui aondoke au abaki, mtu aliyefaulu akionekana kama ndiye aliyefeli.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndugu yangu," alisema hatimaye.

Bartolomayo akainuka, akampa mkono, akampongeza kwa moyo mweupe. Kisha akamwomba jambo moja tu: siku mfuko utakapofunguliwa, mke wa kwanza kuandikwa awe wake, Ruthu. Mrisho akakubali, na nilimwona akifuta uso kwa kanzu, akisingizia vumbi.

Adhuhuri Ruthu mwenyewe alifika na ugali wa uwele na mlenda. Hakuuliza kitu. Alimtazama mumewe usoni, akapata jibu lake, akamtengea chakula kivulini mwa tangi la maji. Nilimuuliza Bartolomayo, aliyekwisha kunawa mikono, mwakani atafanya nini.

"Nitaandika sitini," alisema. "Wakiniuliza tena habari za ng'ombe, nitawaacha wafe thelathini pale pale bomani kama wanavyotaka wenye mtihani. Nikishakaa kwenye kiti cha karani ndipo nitawatawanya."

Alicheka, nami nikacheka. Ruthu hakucheka. Alimsogezea bakuli la mlenda, akangoja amege tonge la kwanza.

"Baba Sila," akamwambia, "wewe fika tu huko mwakani."