Wiki Niliyokuwa Kisiwani

Hospitali yetu ilikuwa na watu wawili tu wa kumpa mgonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa: mimi na Mzee. Sitaitaja hospitali yenyewe. Iko Kibondo, upande wa kuelekea Mabamba, na wagonjwa wengine walitufikia wakiwa wamebebwa kwenye machela za miti, wanaume wanne wakipokezana mabegani. Mimi nilipangiwa kazi huko nikitokea Kondoa. Mzee alikuwa mwenyeji wa mkoa, Muha wa Titye, Kasulu, na alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

Cheti changu kilikuwa kipya kuliko chake, lakini kazi alinifundisha yeye. Alikuwa akiongea na wagonjwa kwa Kiha mpaka macho yao yanafumba, akiwauliza habari za maharage, mihogo, mvua za kwao. Mimi Kiha changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo nilisimama tu nikisikiliza sauti yake ikishuka kadiri mgonjwa anavyolegea. Hata tulipoletewa mashine ya kuonyesha mapigo ya moyo, hakuondoa vidole vyake kwenye mshipa wa mgonjwa. Alisema mashine inakuja na habari baada ya jambo kutokea.

Ndipo ikaja barua. Shirika moja la wafadhili lilikuwa linaandaa mafunzo endelevu kwa watu wa usingizi, siku tano, kwenye hoteli ya kitalii kisiwani. Washiriki watatoka nchi mbalimbali, na hospitali yetu imepewa nafasi moja. Kila kitu kimelipiwa.

Nilimpelekea Mzee barua ile kwenye chumba cha upasuaji, akiwa anapanga mirija kwenye trei. Aliisoma yote, akaikunja.

"Nenda wewe, mwanangu," alisema. "Mimi nikisoma sasa nitakuja kumlaza nani, mbuzi wa Titye?"

"Na wewe, Mzee, utabaki peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu kabla hujaja. Wiki moja ni nini?"

Nilifurahi. Siwezi kusema nilikataa sana. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari, na umri wangu ulikuwa unakaribia arobaini. Siku zile nilikuwa nimeona Mzee anatembea mkono mmoja ukiwa mfukoni, kama mtu anayebana kitu kisidondoke. Nilimuuliza mara moja, akasema mkanda wa suruali umemchoka. Mimi ambaye kazi yangu ni kuangalia miili ya watu, nilikubali jibu hilo nikaenda kununua viatu vya safari.

Hoteli ilikuwa nzuri kiasi cha kunitia aibu. Kitandani nilikuta taulo limekunjwa umbo la ndege, na sikujua niliweke wapi, nikalala upande mmoja. Mkononi tulivishwa vibangili vya plastiki ili wahudumu watujue. Asubuhi tulikaa ukumbini kwenye baridi ya kiyoyozi. Mchana kila mtu alikuwa huru. Washiriki wengi walitoka mbali, wanakuja kila mwaka kisiwa hiki au kingine, wanajaza alama za masomo ambazo bila hizo leseni zao haziendelei. Walikuwa watu wema. Mkufunzi wetu, mama wa makamo kutoka Nairobi, alifundisha vizuri mno. Nilijifunza kupitisha mrija kwenye koo la mdoli wa mpira lililofanywa kuwa gumu makusudi, na nilipofaulu alinishika bega.

Lakini masomo mengi yalikuwa ya mashine ambazo sikuwahi kuzigusa. Siku ya pili mkufunzi aliomba kila mmoja aeleze anavyofanya kazi kwao. Nikasimama nikaeleza: dawa ya usingizi ya ketamini, sindano ya mgongo, mtungi wa oksijeni ukiwepo, mtambo mdogo wa kuchuja hewa umeme ukiwepo, na vidole kwenye mshipa. Nilipomaliza walinipigia makofi. Nilikaa nikiwa nimeinamisha kichwa. Sikuwa nimeeleza jambo la kupigiwa makofi.

Simu iliita Jumatano karibu na adhuhuri, tukiwa bado ukumbini. Alikuwa daktari wetu, kijana wa Mbeya aliyekuwa na mwaka wa pili kwetu. Nikatoka hadi kwenye korido nyembamba inayoelekea jikoni.

"Dada, Mzee anaumwa," alisema. "Ngiri imejinyonga. Tumbo gumu, anatapika tangu jana. Alikuwa anaficha."

"Mpelekeni Kasulu."

"Gari la wagonjwa limeenda Kasulu na mama mjamzito. Dereva anasema barabara imeharibika, hajui atarudi saa ngapi. Na mimi naona utumbo hautasubiri."

Nilielewa anachotaka kabla hajakisema. Kupasua alikuwa anaweza. Wa kumtia mgonjwa ganzi ndiye hakuwepo, kwa sababu mmoja wetu alikuwa ndiye mgonjwa na mwingine alikuwa amesimama karibu na jiko la hoteli amevaa kibangili.

"Umeshawahi kuchoma sindano ya mgongo?" nilimuuliza.

"Mara mbili, nikiwa chuoni. Nasimamiwa."

"Basi nitakusimamia."

Nikamwambia ampe maji kwanza ya kutosha kwenye mshipa, na asiguse mgongo mpaka mkojo uonekane. Nilingoja nimeegemea ukuta. Mhudumu alipita na sinia la matunda yaliyochongwa maua, akaniuliza kama nahitaji kitu, nikamwambia hapana. Simu ilipoita tena, walikuwa wameiweka spika kwenye chumba cha upasuaji, na nilisikia hata trei ikigongwa. Alikuwepo na muuguzi wetu wa chumba kile, dada mmoja mkimya, ndiye aliyeshika simu.

"Mkalisheni, akunje mgongo," nilisema.

"Nimeshakaa," ilisema sauti ya Mzee. Ilikuwa imekauka. "Mwanangu, mambo ya huko vipi?"

"Ni mazuri, Mzee. Usiongee."

"Niongee. Wagonjwa wangu wote huwa naongea nao, leo wa kuongea na mimi hayupo." Kisha akamwambia daktari, "Umeshika juu sana. Shuka kidogo. Tena. Hapo unapogusa, hapo hapo."

Nilisikia daktari akipumua. Halafu akasema, "Maji yanatoka. Meupe."

"Mililita mbili na nusu. Taratibu. Usizidishe," nilisema.

Walimlaza. Nikawaambia wampime presha kila dakika moja. Haikufika dakika ya nne Mzee akasema, kwa utulivu kama anayesimulia habari za mtu mwingine, "Nasikia kichefuchefu. Presha inashuka. Mpe efedrini."

Hakusema nipe, alisema mpe. Muuguzi akasoma namba, ya juu ikawa sabini. Nikataja kipimo, akachoma, wakanyanyua miguu. Namba ikapanda polepole mpaka mia moja. Mzee akauliza kama ganzi imefika kitovuni, wakamfinya, hakusikia kitu. Akasema, "Anza, daktari." Mtandao ukakatika.

Nilipiga mara nyingi bila kupata. Mkufunzi alinikuta pale, nikamweleza. Aliketi nami sakafuni na nguo zake nzuri mpaka ujumbe wa daktari ulipoingia: utumbo kiasi cha shubiri moja ulikuwa umeoza, ameukata na kuunga, Mzee ametoka salama, anaomba chai.

Washiriki walipopata habari walinishangilia kuliko mara ya kwanza. Jioni ile walinivuta twende baharini, na mimi nikaenda. Nilivaa dera nililoazima, nikaingia kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kifuani, nikacheka kwa sauti. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Sikuwa na sababu ya kutocheka, kwa nilivyojua saa ile. Lakini nilijua pia utumbo uliounganishwa unaonyesha tabia yake siku ya tatu, si siku ya kwanza.

Alhamisi niliongea naye.

"Umetoa hewa, Mzee? Utumbo umeanza kazi?"

"Bado. Tumbo limejaa kidogo tu. Wewe maliza masomo, usije ukarudi na nusu."

Ningeweza kuondoka siku hiyo. Boti zilikuwepo. Nilijiambia nikiondoka sasa nitafika Jumamosi, nikimaliza nitafika Jumatatu, na kwa siku hizo mbili nitabadilisha nini. Ijumaa walimpeleka Kasulu, homa imepanda. Saa ambayo gari lilikuwa njiani, mimi nilikuwa nimepanga foleni kupokea cheti na kupiga picha. Jumamosi asubuhi, nikiwa bandarini kusubiri boti, daktari aliniandikia kwamba Mzee amefariki alfajiri.

Basi kutoka Dar es Salaam lilipita Kibondo Jumatatu. Sikushuka, niliendelea hadi Kasulu, na hapo nikachukua bodaboda kwenda Titye. Mvua ilikuwa imenyesha, tope jekundu linaruka mpaka magotini. Walikuwa wamemzika Jumapili. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba, udongo bado umevimba, na juu yake waliweka msalaba wa mbao wenye rangi mbichi.

Mjane wake alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nilimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akanijibu, kisha akahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Nikapiga magoti nikampa pole. Alishika mikono yangu miwili.

"Wewe ndiwe binti wa kazini," alisema. "Alikuwa anakusema."

"Mama, nisamehe. Sikuwepo."

"Mimi ile ngiri nilikuwa naijua. Mwaka mzima namwambia, nenda ukakatwe. Anasema, nani atanilaza? Nikamwambia, si yupo yule binti? Akasema, huyo akitoka kusoma ndipo nitalala, atakuwa amejua vizuri."

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningejua la kujibu. Binti yao mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Aliniangalia viatu vyangu vya safari, akaniuliza, "Huko pwani kulikuwa kuzuri?"

Nilimjibu ukweli. Nikasema kulikuwa kuzuri, na kwamba siku aliyopasuliwa baba yake niliingia baharini kuoga. Sijui kwa nini nilimwambia. Aliingia ndani, hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

Ni utaratibu wa serikali kwamba mtu akirudi mafunzoni anatoa mrejesho kwa wenzake. Nilitoa wangu wiki iliyofuata, kwenye chumba cha mikutano, mbele ya watu kumi na kitu waliotaka kurudi wodini. Nilionyesha picha za mashine. Mhasibu akauliza, "Hivyo vifaa tunavyo?" Nikasema hatuna. Akauliza lini vitakuja. Nikasema sijui. Daktari, aliyekuwa amekonda tangu siku ile, alisema jambo moja tu: kwamba hataki tena kuchoma mgongo wa mtu kwa kusimamiwa na simu. Alikuwa anaamini yeye ndiye aliyeunga utumbo vibaya. Nilimwambia utumbo ulikaa siku nzima umenyongwa kabla hajaugusa, kwamba hata bingwa angeweza kumpoteza. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia kwa adabu. Miezi mitano baadaye aliomba uhamisho akaondoka.

Niliomba aletwe mtu mwingine wa usingizi. Akaja kijana, akakaa msimu mmoja wa kilimo, akapata nafasi ya masomo. Nikabaki peke yangu. Kubaki peke yako kwenye kazi hii maana yake huwezi kwenda msibani, huwezi kuugua, na ukienda sokoni Kibondo mjini unaenda huku simu iko mkononi. Mama yangu Kondoa alimfanyia mdogo wake arobaini mimi sipo. Nikikohoa, wauguzi wananiangalia.

Basi nikaanza kumfundisha yule dada mkimya aliyeshika simu siku ile. Haikuwa kazi yake kwa maandishi. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa: vidole kwanza, mashine baadaye. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, na tena yeye ni Muha, anaongea na wagonjwa. Mwezi uliopita aliletwa mama kutoka Mabamba, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nikamwambia dada achome yeye, nikatoka nikakaa kwenye benchi nje. Nilimsikia kupitia mlango akimuuliza yule mama habari za shamba. Baadaye nilisikia mtoto akilia.

Wiki iliyopita barua ya uhamisho ya dada huyo ilifika. Anamfuata mumewe Geita. Alinionyesha akiwa ameishika kwa mikono miwili, hajui afurahi au afanyeje, na mimi nikampa hongera kwa sababu ndoa yake imekaa mbali miaka minne. Ameniomba radhi. Nimemwambia hana kosa.

Yuko muuguzi mwingine wodi ya wazazi, mgeni, ametoka chuoni juzi. Jana nilimwita nikamwambia anipe mkono wake, nikaweka vidole vyake kwenye mshipa wangu, nikamuuliza anasikia nini. Alisema hasikii kitu. Nikamwambia asitoe mkono, aendelee kusikiliza.