Kigoda cha Mama Zamzam

Utotoni mwangu pale Malukhu, mjini Mbale, nilifundishwa mambo mawili juu ya vigoda. Aliyenifundisha ni bibi yangu, mama yake baba, Msoga wa Jinja aliyeolewa Mbale. La kwanza, ukikuta kigoda kimelazwa ubavu ujue mwenyewe yuko safarini, na kulala kwake ndiko kunakomwita arudi. La pili, mtoto akikalia kigoda cha mtu mzima huku mwenyewe amesimama, miguu yake itamkataa. Hilo la pili nililivunja mimi, mchana kweupe, na hadi leo nikilikumbuka uso unanichoma.

Jirani yetu alikuwa Mama Zamzam, Mnubi, mjukuu wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudan. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki. Kazi yake ilikuwa kupaka maharusi hina. Alikuwa na kigoda cheusi cha miguu mitatu alichorithi kwa mama yake, na kila bi harusi wa Kiislamu mtaani kwetu alikalishwa juu yake. Ukingo wake ulikuwa na madoa ya hina ambayo hayakutoka kwa sabuni wala mchanga. Mguu mmoja ulipasuka zamani, mumewe akaufunga kwa kipande cha bati.

Vita vilipofika mjini na serikali ya wanajeshi ikaanguka, watu waliwahesabu Wanubi wote kuwa watu wa maafande. Mama Zamzam aliondoka asubuhi moja na bintiye na furushi la nguo. Mchana mtaa mzima ulikuwa ndani ya nyumba yake. Wallahi, watu tuliokuwa tukila naye Idi! Huyu godoro, yule mlango. Mama yangu alitoka na sufuria mbili na kile kigoda.

"Namtunzia tu," alisema. "Akirudi nitampa."

Bibi alikitazama kigoda, hakukigusa. "Ulikikutaje?"

"Kimelala ubavu."

"Basi atarudi," alisema Bibi. "Na wewe utamwambia nini?"

Tangu siku hiyo wawili hao walishindana kimyakimya. Kila jioni Bibi alikilaza ubavu, kila asubuhi Mama alikisimamisha akae amenye matoke. Nilidhani ni mchezo wa wakubwa. Bibi alifariki kabla hatujajua nani mshindi.

Mambo yalipotulia, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku hiyo Mama alikuwa anapika maharagwe, nami namenya viazi sebuleni, kigoda kiko kando yangu. Mara sauti ikabisha hodi uani, na Mama akaitambua kabla yangu. Alinishika bega kwa nguvu.

"Kalia! Tandaza gauni. Na usiinuke, unasikia? Usiinuke."

Nikakaa. Gauni langu la shule lilikifunika chote.

Mama Zamzam aliingia akiwa amekonda, kitambaa chake kimepauka. Sasa, kwetu msichana akiona mtu mzima anaingia, anashuka magoti chini na kumwamkia. Hata mtoto mtundu kuliko wote anashuka. Mimi nilibaki nimekaa kama mwenye nyumba, na yeye amesimama mbele yangu. Nilimwamkia hukohuko juu, nikitazama viazi.

Mama akamletea kigoda kipya cha fundi wa barabarani, bado kinanuka vanishi. Alikaa kikayumba.

"Dada, sikuja kudai vitu," alisema Mama Zamzam. "Waliokula wamekula. Ninatafuta kigoda changu tu. Zamzam anaolewa mwezi ujao. Mimi nilipakwa hina juu yake, mama yangu pia. Nimepita nyumba zote za huku. Hukukiona?"

Sufuria ya Mama Zamzam mwenyewe ilikuwa inachemka jikoni, hatua tano tu kutoka alipokaa. Leo nafahamu kwamba Mama angetoa kigoda angelazimika kutoa na sufuria, na jina lake zuri pia. Siku ile nilimwona tu akiuvuta mlango wa jikoni.

"Sikukiona, dada. Watu walibeba vingi."

Ningeweza kuinuka. Hilo ndilo ninalolirudia kila mara. Nilikuwa na akili zangu, na miguu mizima kabisa. Hakuna aliyenikamata. Nilikuwa na la kufanya moja tu, kuinuka, na sikuinuka.

"Na huyu mtoto," aliuliza Mama Zamzam, "mbona hashuki? Anaumwa?"

"Miguu," Mama alisema haraka. "Miguu inamsumbua."

"Masikini! Lete mafuta."

Yeye ndiye aliyeshuka magoti. Mwanamke mzima, aliyeibiwa, alipiga magoti mbele yangu na kuanza kunikanda miguu kwa mafuta ya simsim, akinong'ona dua. Mikono yake ilikuwa ya moto. Ilipanda gotini, ikashuka kwenye shavu la mguu, na kidole chake kikagusa kile kipande cha bati.

Aliacha kukanda. Niliona macho yake yakipanda hadi usoni kwangu, na nikajua amejua. Nilingoja kelele, nilingoja kofi. Aliendelea kunikanda, mguu wa kwanza, kisha wa pili, mpaka akamaliza vizuri.

"Utapona," aliniambia. Akamuaga Mama kwa heshima zote, akaenda.

Mama alikilaza kigoda ubavu jioni hiyo kwa mikono yake, na hakukikalia tena mpaka alipofariki. Mimi nikakirithi. Niliolewa Jinja, nikaja nacho, nikakificha nyuma ya kabati. Na aibu nyingine ni hii: miaka mingi nilijua kwamba Zamzam anaishi Masese, anauza samaki, mwendo mfupi tu kutoka kwangu.

Mwaka huu binti yangu amejenga. Anataka vigoda vitatu vya sebule, kimoja cha kale, kimoja cha enzi zetu na kimoja kipya. Siku hizi ndiyo fasheni, madukani wanaviuza vya zamani ghali kuliko vipya. "Mama," akasema, "kile cheusi chenye madoa nipe mimi. Wageni watakipenda."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikifunga kwa kanga nikaenda Masese.

Zamzam alifungua mlango, mwanamke mzee sasa. Hakutazama uso wangu. Alitazama mikono.

"Wewe ndiye yule wa miguu," alisema.

Nikaifungua kanga.

"Mama alituambia kiko wapi," aliendelea. "Sisi tulitaka kwenda kukichukua, akakataa. Alisema yule mtoto atakileta mwenyewe. Kila mwanamke akibisha hodi, alimtazama mikono kwanza. Mpaka macho yake yalipokwisha. Baada ya hapo alikuwa anatuuliza sisi, 'Ameshika nini?'"

"Na harusi yako, ulikalia nini?"

"Kreti ya soda," alisema, akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Alikichukua kigoda, akakisimamisha sakafuni, akakikalia. Basi nikashuka. Magoti yangu ni mabovu, daktari anasema ni umri, lakini Bibi angekuwa na maneno yake. Nilimwamkia Zamzam kwa salamu kamili, ndefu, ile niliyomnyima mama yake. Aliitikia polepole na hakuniambia inuka. Nilimshukuru kwa hilo moyoni.

Jioni binti yangu alipiga simu kuuliza kigoda cha kale kiko wapi. Nilimwambia kimerudi kwao, na sisi tutanunua vipya.